Sabufa kwa Mtakatifu Nikola

Jumatano, 13 Desemba
Baba katangaza: amechoka na mabishano yetu. Jumanne, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wetu, atasema kuanzia sasa slava, karamu ya ukoo ya kumwadhimisha mlinzi huyo, itafanyika kwa nani. Kwangu, ghorofa ya nne, au kwa mdogo wangu Miodrag, ghorofa ya tatu. Swali gani hilo? Mimi ndiye mkubwa! Ikoni, ile picha takatifu ya Nikola aliyotuachia babu, iko ukutani kwangu! Mke wangu Desanka kanikumbusha kwamba kila Jumapili Baba hutazama ibada ya televisheni kwa Miodrag, kwa sababu masikio ya Baba ni mazito na Miodrag kanunua spika. Spika moja! Nimeudhika hadi kahawa imepoa.

Ijumaa, 15 Desemba
Nimekwenda dukani, hapa hapa Niš. Muuzaji kauliza sebule ina ukubwa gani. Nikasema wa kutosha. Kauliza mita ngapi. Nikasema hayamhusu. Kanionyesha spika mbili ndogo, eti kwa nyumba ya ghorofa zinatosha na kubaki. Nikamwuliza kama katumwa na Miodrag. Nimerudi na spika tano na sabufa kubwa kama mashine ya kufulia. Baba atasikia kwaya kama yuko kanisani, na hatabanduka kwangu. Desanka anachotaka kujua ni samaki wa slava atawakaangia wapi, maana boksi limeziba mlango wa jikoni. Mwanamke huyu haoni mbali.

Jumapili, 17 Desemba
Maelekezo yanasema spika ya katikati ikae juu ya televisheni. Ukuta wa televisheni ni wa mashariki. Juu yake yuko Nikola, maana ikoni hutundikwa mashariki. Nimejaribu kwingine: magharibi dirisha, kaskazini mlango, kusini kabati la vyombo la mama mkwe, ambalo hata tetemeko haliligusi. Basi nimemhamishia Nikola kwenye korido, penye makoti. Kwa muda tu! Desanka kashika kiuno, kasema, Radenko, ukuta wa mashariki si wako, usijitafutie balaa. Nikamjibu kwamba mtakatifu ana subira kuliko yeye.

Jumatatu, 18 Desemba
Jaribio. Kwaya! Machozi yalinilengalenga. Kumbe besi imeshuka na bomba la kupashia nyumba joto, na jengo zima likaanza kugonga mabomba kulalamika. Miodrag kapanda na kandambili, kauliza kama natwanga mahindi. Kisha kaona ukuta, akabadilika sura. Kaniomba, kaka tafadhali, mrudishe Nikola mahali pake kabla Baba hajaja. Ujanja wa kitoto! Anataka spika yangu ishuke. Nikamfungulia mlango atoke.

Jumanne, 19 Desemba
Aibu. Baba kaingia na mshumaa, wageni nyuma yake. Kama afanyavyo kila mwaka kavua kofia, kainamisha kichwa, kageukia mashariki, kajifanyia ishara ya msalaba mara tatu, kisha kainuka kubusu ikoni. Kabusu spika. Nami, nikitaka kumfurahisha, nilikuwa nimeshabonyeza rimoti.

Kwaya ikalipuka. Kifaa chake cha sikioni kikapiga mluzi. Mshumaa ukaanguka. Nilipopata kuzima, Baba kauliza kwa sauti ndogo Nikola yuko wapi. Desanka akaonyesha korido. Skafu yangu ilikuwa imemfunika mtakatifu uso mzima. Baba kaitoa, kaifuta ikoni kwa mkono wa koti lake, na nikamwona analia. Moyo uliniuma, sikatai. Kaiweka kwapani, akashuka ngazi. Wageni wakamfuata. Samaki pia.

Jumatano, 20 Desemba
Imekwisha. Slava ni ya Miodrag. Shemeji, mke wa Miodrag, kaniletea sahani ya ngano tamu ya slava na kuniambia Baba hana kinyongo, nishuke. Nikasema nina kazi. Jana mchana kutwa nilikaa peke yangu katikati ya spika tano, nikiwasikia huko chini wanaimba, sauti ya Baba juu ya wote, neno kwa neno, bila waya hata mmoja. Desanka alivumilia wimbo mmoja, akavaa viatu, akaenda.

Nimetafakari sana nilikosea wapi. Usingizi sikupata. Mwishowe nimeliona kosa: spika ya katikati ilikuwa ndogo mno, ndiyo maana Baba akaidhania ikoni. Dukani ipo nyingine, mara mbili yake. Na sasa ukuta wa mashariki uko wazi wote. Nimeupima. Inaingia.