Majivu ya Zeituni na Mita ya Maji

Jumanne, 18 Februari

Maji ya bomba, yanayofunguliwa mara moja kwa wiki, yamekuja alfajiri. Mama akakimbilia mashine ya kufulia kama kawaida. Nikamzuia! Nilisimama mbele ya mashine na nguo zangu za kulalia, nikatandaza mikono.

Sababu: Mwalimu Nidal ametangaza shindano. Kila mmoja apige picha mita ya maji ya kwao leo na tena Jumanne ijayo, mara zote baada ya tangi la paani kujaa. Nyumba iliyotumia maji kidogo zaidi ndiyo mshindi. Jina la mshindi litaandikwa ubaoni, na ripoti yake ataisoma mwalimu mwenyewe. Yeye asome, mimi nikae kimya!

Mwaka wa pili huu ananiita Laith. Laith ni kaka yangu, alishamaliza shule. Siku ya kwanza niliona haya kumsahihisha. Sasa nitaanzaje? Lazima nishinde. Ajue kwamba mimi ni Mutaz.

Mpango: bibi anasema zamani walifua kwa maji ya majivu. Hakuna mashine, hakuna sabuni ya unga, hakuna sumu ardhini. Na majivu tunayo tele. Jiko letu limechoma mashudu ya zeituni majira yote ya baridi.

Jumatano, 19 Februari

Nimechemsha ndoo nzima ya maji na majivu. Bibi kasema nichuje mara tatu kwa kitambaa. Nimechuja mara moja. Bibi hupenda kukuza mambo.

Nimeloweka paani, kando ya tangi, mashuka, taulo, shati la kazi la baba. Maji yamekuwa meusi ti. Vidole vinawasha. Tala, binti wa ami yangu wa ghorofa ya juu, tunayesoma naye darasa moja, akachungulia. "Mutaz, unafua au unapika mboga ya mulukhiya?" Jibu zuri lilinijia baada ya saa mbili. Hasira!

Alhamisi, 20 Februari

Nimesuuza. Weusi hautoki. Nimesuuza tena. Mara tisa! Saa kumi jioni bomba likakohoa, likatema hewa. Tangi tupu, na Jumanne iko mbali.

Mama akatoka bafuni na povu kichwani. "Tangi zima, baba'ngu? Ulikuwa unamfulia nani, mji mzima wa Salt?" Mengine aliyosema siyaandiki.

Baba akapiga simu bila hata kuniangalia. Gari la maji likaja, mpira ukapandishwa hadi paani, majirani wote madirishani. Tala akanipungia mkono. Ananipungia mkono!

Nikashuka kuipiga teke mita. Ndipo nikaona: haisogei. Gari linamimina kwenye tangi moja kwa moja. Mita haina habari.

Nikakaa kwenye ngazi. Hasira ikapoa kidogo.

Jumamosi, 22 Februari

Nguo zimekauka. Shati la baba lina rangi ya punda, na kola imebaki mkononi mwake, majivu yameila. Baba kasema alitoa shati, amerudishiwa gunia. Nimemwomba mama asiwashe mashine mpaka Jumanne. Kaniuliza mpaka Jumanne tuvae nini, majani ya mzabibu? Hakuna anayejali mazingira nyumba hii!

Jumanne, 25 Februari

Maji yamekuja. Tangi lilikuwa bado na maji ya gari, kwa hiyo mita imesogea kidogo tu. Nimepiga picha tatu.

Ripoti nimeiandika kwa Kiingereza. Kwa Kiarabu ningeona haya. Kwa Kiingereza ni kama anadanganya mtu mwingine. Lakini sijadanganya! Hakuna mahali palipoulizwa habari ya gari.

Jumatano, 26 Februari

"Wa kwanza," akasema Mwalimu Nidal, "ni Mutaz." Kasema Mutaz! Akaliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Kwa sekunde nne hivi sikuwa na adui duniani.

Tala akanyoosha kidole. "Mwalimu, na lile gari la maji la Alhamisi? Mpira ulivuja dirishani kwetu, ukamlowesha paka."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akaniuliza: gari zima, kwa nguo za wiki moja? Nikasimama. Nikaitikia kwa kichwa. Akachukua kifutio, akafuta, akaandika aliyefuata: Tala.

"Kaa chini, Laith."

Nimerudi nyumbani kwa miguu ili nisipande basi moja na yule mmbea. Njiani nimewaza kwa makini, na kosa nimeliona. Nilianza na nguo. Nguo ni laini mno, hazistahimili majivu. Ningeanza na mazulia! Yapo sita, na Jumanne maji yanakuja.

Mama amefunga mlango wa paa kwa kufuli. Ufunguo naujua uliko.