Dakika Thelathini na Nane Hazitoshi

Kwa Bwana Mkuu wa Ratiba za Ndege,

Kwanza niwie radhi kwa kuchelewa kuandika. Barua hii niliianza miezi mitatu iliyopita, ikatafunwa na binti yangu wa mwaka mmoja, ambaye nyumbani tunamwita Bosi. Hii ni ya pili.

Mume wangu ni mpima hali ya hewa kwenye kiwanja chenu cha mwisho kule, ambako hakuna nyumba za familia. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi napanda ndege yenu ya viti kumi na viwili, mtoto akamwone baba yake. Ndege hukaa kule saa mbili, kisha inaturudisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ndege yenu inawahi. Ubaoni mmeandika kilomita mia mbili na kumi, dakika arobaini na tano. Nimepima safari nane kwa simu yangu: ni thelathini na nane. Dakika zetu saba mnazipeleka wapi?

2. Bosi hulala kwa muungurumo wa injini, na humchukua dakika thelathini na tano kusinzia. Akifumba macho tu, magurudumu yanagonga chini. Akikatizwa usingizi hulia saa moja na nusu. Baba yake anabaki na nusu saa ya kutazamwa kama vile yeye ndiye aliyemwamsha.

3. Mume wangu sasa anaamini mtoto hampendi. Mwezi uliopita alinyoa ndevu, maana zimamoto wa hapo alimwambia, "Kaka, hizo ndevu ndizo zinamtisha." Bosi alipouona uso mpya alizidisha kilio, na mimi, kusema kweli, nilikuwa karibu kumfuata.

4. Nasikia upepo wa mbele huchelewesha ndege. Nikamwomba mume wangu autafute. Akanijibu, "Mama Bosi, mimi naupima tu, siuagizi." Rubani naye, nilipomwomba apunguze mwendo, akasema, "Dada, wenzako wana haraka." Niligeuka kuwauliza hao wenzangu: saba kati ya tisa walikuwa wamelala midomo wazi. Hizo nimezihesabu kuwa kura.

Kwa hiyo naomba ndege izunguke kile kilima kilicho karibu na kiwanja mara tatu kabla ya kutua. Kama hilo ni gumu, kiwanja kisogezwe kilomita themanini mbele. Huko ni tambarare tupu na hakuna atakayelalamika. Likishindikana pia, rubani aje ambembeleze Bosi mwenyewe, mimi nishike usukani. Nyumbani naendesha kila kitu kwa mkono mmoja.

Nisalimie rubani, wapakia mizigo, na yule dada wa tiketi anayenishikia mtoto nikienda msalani.

Ni mimi, abiria wenu wa kiti cha nne,
Mama Bosi

N.B. Sijafunga bahasha, mume wangu amepiga simu. Amehamishiwa kiwanja cha huku, anapanda ndege yenu Ijumaa. Tafadhali futa yote ya juu. Asizungushwe popote. Dakika thelathini na nane ni nyingi mno, ishirini zinatosha. Ninachohitaji kutumiwa sasa ni saa kamili ya kutua, jina la mlango atakaotokea, na kibali cha kuingia na Bosi hadi chini ya ngazi. Siku hiyo nitamlaza tangu saa nne asubuhi, aamke mwenyewe.