Nyuzi Ishirini na Nne Bondeni

Jumatatu, tarehe 17

Baridi! Na kiangazi hakijaisha! Saa tatu asubuhi nimefungua kile kisanduku cheupe cha vipimajoto nyuma ya ofisi ya maji, nikasoma nyuzi kumi na sita. Nikafuta miwani. Kumi na sita. Juzi tulikuwa tunagombania kivuli, leo natafuta soksi. Nimeandika daftarini, nikapiga simu ofisi ya kanda. Yule mama wa kanda hukusanya vipimo vya vituo saba, kisha huandika mwelekeo wa hali ya hewa unaosomwa redioni saa saba mchana. Kasema kote ni hivyohivyo, na itakuwa hivyo hadi wiki ijayo.

Balaa gani hili! Jumamosi mama mkwe anatimiza miaka sabini. Ameshapitisha: kukiwa na joto, tutakula uani kwangu. Kukiwa na baridi, sebuleni kwa mwanyumba. Mwanyumba wangu ni seremala, kamuoa dada wa mke wangu, na sebule yake unaweza kuchezea mpira. Miaka tisa mama mkwe hajala kwangu. Tisa! Kila mara sebule, sebule, sebule. Safari hii hapana.

Jumanne, tarehe 18

Nimepata dawa wakati nanyoa ndevu. Mama mkwe haamini mkwe yeyote, lakini redio anaiamini. Redio inamwamini mama wa kanda. Mama wa kanda ananiamini mimi. Kwa hiyo mama mkwe ananiamini mimi, ila hajui. Akili ni mali!

Nimekwenda kituoni na chupa ya chai. Nimeitoa kifuniko, nikaiweka ndani ya kisanduku, nikafunga mlango, nikahesabu hadi mia tatu. Nyuzi ishirini na nne! Wala si uongo. Mle ndani mlikuwa na nyuzi ishirini na nne kweli. Nimeandika kwa mwandiko mzuri, kisha chai nikainywa. Hakuna kilichopotea.

Jumatano, tarehe 19

Leo tena ishirini na nne. Mama wa kanda kapiga simu mwenyewe. Kauliza kwa nini vituo sita vinatetemeka na changu kinaota jua. Nikasema bonde letu lina tabia zake. Kauliza kama kipimajoto ni kizima. Nikasema kizima kuliko mimi. Basi akasema sawa, maana miaka kumi na minne sijawahi kumletea kipimo cha ovyo. Hapo moyo ulinichoma kidogo. Nikanywa chai, ukatulia.

Alhamisi, tarehe 20

Redio imesema! Baridi itaendelea kandani kote, isipokuwa maeneo ya bondeni, ambako joto linarejea. Nimeruka hadi sahani ikaanguka. Wiki nzima nilikuwa na hofu ya Jumamosi, kumbe joto linarejea!

Mke wangu kauliza redio imejuaje. Nikamwambia imeambiwa na kanda. Na kanda? Imeambiwa na vituo. Kituo gani hasa? Nikamwambia tusiharibu chakula kwa maswali. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Kweli kabisa, ila sijui alikuwa anamsema nani.

Jioni mama mkwe katuma salamu: uani kwangu, saa saba. Roho yangu kwatu.

Ijumaa, tarehe 21

Maandalizi. Nimefagia uani mara mbili. Koti langu zito nimempa fundi baiskeli alivae, la nini tena?

Doa moja tu. Ofisi ya maji ilimwita mwanyumba aje kukaza bawaba ya kile kisanduku, maana ndiye aliyekitengeneza. Alikaa nacho muda mrefu. Akanionyesha mle ndani, sakafuni, alama ya duara, ya kahawia, saizi ya kitako cha chupa. Akaniuliza kwa upole kama siku hizi hewa inakunywa chai. Nikacheka peke yangu. Yeye akafungasha bisibisi zake, akaenda zake kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku yangu ya kwanza baada ya miaka tisa, na iko mdomoni mwa seremala!

Jumamosi, tarehe 22

Nyuzi kumi na tano. Na upepo! Nimeshangaa sana, kwa jinsi redio ilivyosema.

Mama mkwe kaja na sweta mbili na shali. Kaketi uani, mikono kwapani. Kitambaa cha meza kiliruka ukuta kikaenda kwa jirani. Wali ulipoa kabla ya kufika kwenye kijiko. Mama mkwe akanitazama. Sikuwa na pa kuweka uso. Mwanyumba akasimama, akakohoa, akasema sebule yake iko wazi. Watu wakaanza kubeba sufuria. Nilitaka kulia, nakiri.

Ndipo mama mkwe akaingia jikoni kwetu kupasha mikono moto. Hakutoka. Tukaenda kumtazama: kaketi kwenye kigoda karibu na jiko, miguu kainyoosha, sweta moja kavua. Akasema haondoki hapo. Akasema sebule ya mkwe wake mwingine ni nzuri ila ni pana mno, haishiki joto, miguu yake hufa ganzi mle, na miaka yote alikuwa anaona haya kusema.

Watu kumi na mmoja ndani ya jiko ambalo wawili hupishana kwa ubavu! Mwanyumba alikula kasimama, sahani kaiweka juu ya ndoo. Mama mkwe aliongeza wali mara mbili. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa shali. Kisha akanishika mkono, akauliza: mwanangu, kwa nini miaka yote hii hukunikaribisha humu? Nilikuwa nalionea aibu jiko hilo. Nimefurahi leo kuliko siku niliyooa, na mke wangu asisome hapa.

Mwanyumba kaninong'oneza kwamba habari ya chai anaweza kuisahau kwa kipande cha nyama. Nikampa changu.

Jumapili, tarehe 23

Jambo moja lilinisumbua: redio ilikosea? Haiwezekani. Nimechukua kipimajoto cha akiba, nikakitundika jikoni, maharage yakiwa motoni. Ishirini na nne! Si moja zaidi, si moja pungufu. Na jiko letu liko bondeni. Kwa hiyo utabiri ulikuwa sahihi tangu mwanzo, ni sisi tuliokaa mahali pabaya. Nimekipeleka kanda kipimo hicho kwa moyo mweupe.

Saa saba redio imesema joto litaendelea bondeni wiki nzima. Alhamdulillahi! Nimefua mablanketi yote. Yako kambani, yanachuruzika. Fundi baiskeli alileta koti, nikamwambia abaki nalo.

Mke wangu kauliza leo tutajifunika nini. Nikamwambia awe anasikiliza redio.