Mkaguzi wa Mizani na Paka Mnene

Jumatatu, 3 Machi
Niwie radhi, daftari langu. Kimya cha miezi mitano si uungwana. Nilikuwa ninamlea paka.

Leo binti yangu amempeleka Gunia (ndilo jina la paka, na linamfaa) kwa daktari wa mifugo. Hukumu: mnene kupita kiasi! Apewe chakula cha kupimwa mara mbili kwa siku. Achezeshwe kwa kamba dakika kumi. Maini asionje. Apungue polepole. Asipopungua, binti yangu atamchukua akaishi kwake. Mimi aniache na nani? Na kabati?

Kila Ijumaa nipande mizani ya bafuni nikiwa nimempakata, kisha nipande peke yangu, nitoe. Leo: pamoja, kilo 79.4. Peke yangu, 72.6. Paka, 6.8. Nimtumie binti picha za mizani. Picha! Nilikuwa mkaguzi wa mizani miaka thelathini na minane, leo ninadaiwa ushahidi!

Jumatano, 5 Machi
Nimeburuta kamba sebuleni dakika kumi. Gunia alilala akinitazama kama tajiri anayemtazama kibarua. Kiuno kinaniuma.

Chakula cha kupimwa alikinusa, akageuka, akalia mlangoni kama yatima. Moyo si jiwe. Nikaenda buchani. Mwenye bucha, niliyewahi kumtoza faini kwa kupima nyama pamoja na karatasi, aliniuliza mbele ya foleni nzima kama damu imenipungua, maana maini kila siku, mzee wangu, si bure. Nilijibu kwamba ninakula mwenyewe. Akaniomba nimfikishie salamu mgonjwa mwenye sharubu. Fidhuli!

Ijumaa, 7 Machi
Gunia hajapungua hata gramu. Lakini akili ni nywele, na zangu hazijanyonyoka.

Pamoja: 79.4. Picha. Kisha nikavaa koti langu la kazi, nikatia mfukoni jiwe la mizani la gramu mia mbili, kumbukumbu ya kustaafu, nikapanda peke yangu. Picha. Paka apungue gramu mia mbili, binti afurahi, maini yaendelee. Nimetuma bila kupiga hesabu. Fundi hahitaji.

Jumamosi, 8 Machi
Binti amepiga simu asubuhi akilia. Paka kapungua kilo moja na gramu mia nane kwa siku nne! Daktari amemwambia kwamba paka mnene akikonda kwa kasi hiyo, ini huweza kuharibika, akafa. Amefika na teksi, kandambili mguuni.

Njiani kwenda kwa daktari nikakumbuka. Koti! Lina kilo moja na gramu mia sita, nami sikuliondoa. Kosa la karatasi ya bucha, nimelifanya mimi!

Mizani ya daktari: 6.9. Daktari alizitazama picha, akauliza kwa upole mzee alikuwa amevaa nini. Binti akanigeukia. “Baba!” Basi, neno hilo tu. Afadhali kofi.

Nimepewa wiki mbili. Daktari atapima mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi
Nimejichunguza kwa ukali. Hila haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la koti.

Binti amekwisha kununua kikapu cha kumbebea Gunia, hakuna nafasi ya tatu. Hata hivyo, mizani ya daktari iko mezani, na mwenye paka huruhusiwa kumshika asiruke. Wenye bucha hukandamiza kwa kidole gumba. Mimi nitanyanyua, chini ya tumbo. Au nichomeke kadibodi chini ya mguu wa mizani?

Gunia amemaliza maini, amenilalia miguuni. Gumba au kadibodi: nikishaamua, nitaandika.