Shangazi Golandam na Chai Yetu

Jumamosi, 13 Ordibehesht

Balaa! Dada yangu Mahrukh anataka kung'oa michai ya marehemu baba. Mteremko mzima! Apande kiwi! Amenitangazia asubuhi nikiwa na kibonge cha sukari katikati ya meno na bilauri mkononi. Nusura nikimeze kizima. Tingatinga linakuja Ijumaa. Ameshazungumza na dereva.

Nimemuuliza kama ana wazimu. Amesema hana wazimu, ana mgongo. Wachumaji hawapatikani, vijana wote wamekimbilia mjini Rasht, na kila masika anayeinama shambani ni yeye. "Wewe kaka unaipenda chai ikishaiva tu," amesema. Maneno makali kwa mtu ambaye hata bilauri ya kwanza hajamaliza.

Wa kulaumiwa ni jirani yetu Hormoz. Aling'oa chai yake mwaka juzi, na tangu hapo anatembea mji wetu mzima wa Lahijan kifua mbele kana kwamba kiwi kaiumba yeye. Leo mkahawani kanipa pole mbele ya watu. "Usijali, Kiumars, nitakuletea kiwi moja uikamulie kwenye buli." Wakacheka wote. Hata mwenye mkahawa kacheka, naye anaishi kwa kuuza chai!

Mteremko lazima uokolewe. Nina mpango.

Jumapili, 14 Ordibehesht

Mpango ni afya. Watu wa Tehran wanaokuja kutembea huku hununua chochote ukiwaambia kinarefusha maisha. Na ushahidi ninao nyumbani: shangazi Golandam, dada yake baba. Amepita tisini. Anapanda kilima bila fimbo, anasoma gazeti bila miwani, na akikutukana anasikika mtaa wa pili. Kazaliwa na kuzeeka katikati ya chai. Nitamkalisha barazani kando ya samova, birika letu kubwa la chai, watu wajionee.

Nimemweleza. Swali lake lilikuwa moja tu: biskuti za kokwa za jozi zitakuwepo? Nimemhakikishia. Kakubali.

Mahrukh amesikiliza akiwa anakatakata mboga. Amesema nikipata mteja mmoja wa kweli, atafikiri upya. Ila majani nichume mwenyewe na chai niitengeneze mwenyewe. Rahisi! Nimekulia humu.

Jumanne, 16 Ordibehesht

Si rahisi.

Unatakiwa uchume kichipukizi na majani mawili machanga, basi. Mkono wangu unarudi na tawi zima. Ukungu umeniingia hadi kwenye soksi. Kabla jua halijatoka vizuri nilikuwa nimejikunja kama ndoano.

Mahrukh alikuja bila kuitwa, akaanza safu iliyo kando ya yangu. Vidole vyake vinakwenda upesi kama vya mtu anayesuka nywele, macho yakiwa kwingine. Ncha zake nyeusi kwa utomvu, kama za mama zilivyokuwa. Miaka yote hii sijawahi kuziangalia. Nilitaka kumwambia neno. Nikaishia kumuuliza kama kuna chai iliyobaki kwenye chupa.

Alinimiminia. Akasema safu ya juu kabisa baba aliipanda mama akiwa na mimba yake yeye Mahrukh. Sikuwa nikijua. Nikauliza yangu mimi ni ipi.

"Wewe ulipozaliwa baba alikuwa sokoni."

Jumatano, 17 Ordibehesht

Siku ya kutengeneza. Majani yalilala juu ya shuka yakanyauka. Nikayafikicha kwa viganja mpaka yakatoa maji, nikayafunika yageuke rangi. Harufu ile! Kama tufaha lililokatwa sasa hivi. Marashi yoyote hayaifikii. Nikajiwekea bilauri, nikakaa kando niinuse na kuandaa hotuba yangu ya kesho kwa wageni wa Tehran.

Hotuba imetoka nzuri. Chai hutuliza moyo. Chai huamsha akili. Chai hutunza kumbukumbu. Nilipofika hapo kwenye kumbukumbu ndipo nikayakumbuka majani.

Nimechelewa. Harufu ya tufaha imekwenda, imekuja ya siki. Nimeyakausha hivyo hivyo. Watu wa mjini watajuaje?

Alhamisi, 18 Ordibehesht

Sijui nianzie wapi.

Wageni walikuja, mume na mke kutoka Tehran, watu wa heshima. Shangazi barazani na kilemba cha maua, shavu limejaa biskuti. Hormoz naye kaegemea uzio, eti anapita. Nikamimina chai yangu. Nikatoa hotuba yote bila kukwama. Nikamalizia kwa kunyoosha mkono kuelekea kwa shangazi, kama mtu anayefungua pazia.

Mama mgeni akapendezwa. Akamuuliza shangazi huwa anakunywa bilauri ngapi kwa siku.

"Za chai?" Shangazi akajipangusa mdomo. "Mwanangu, chai mimi sijaipenda tangu utoto. Inaninyima usingizi. Ninachemsha yale maua ya zambarau ya mlimani, natia ndimu kavu, nanywa, nalala."

Wakati huohuo yule mume alikuwa ndiyo kwanza kapiga funda la chai yangu. Kalishikilia mdomoni. Macho yakatafuta beseni, yakatafuta bustani, yakanitazama mimi. Akameza. Mtu muungwana, nitamheshimu hadi kufa. Hormoz alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani yaliyolowa.

Nikasema kwa haraka kwamba shangazi huvuta hewa ya michai, na hewa pia ina faida. Shangazi akasema hewa yenyewe ina mbu.

Hapo Mahrukh akatoka jikoni na sinia. Chai yake mwenyewe, ya mchumo wa kwanza, nyekundu inayopenyeza mwanga. Yule mume akanywa, akasogeza bilauri aongezewe. Mkewe akaomba kununua. Mahrukh akajibu kwamba hiyo haiuzwi, ni ya nyumbani, kisha akawafungia mfuko mzima wakaenda nao. Bure! Mteja wa kweli nimempata, na dada yangu kamgeuza mgeni!

Ijumaa, 19 Ordibehesht

Tingatinga limekuja mapema.

Nilikusudia kulala mbele yake. Ardhi ilikuwa tope, nikachuchumaa. Dereva akazima injini, akawasha sigara. Mahrukh akaniambia niinuke, nitashikwa na baridi. Sikuinuka. Basi akaja akasimama juu yangu, akaniuliza taratibu, bila hasira: michai hii naitakia nini hasa, mtu nisiyeichuma?

Uongo ulio tayari sikuwa nao. Nikasema baba hakuwa mtu wa maneno. Nikimkumbuka, namkumbuka akinimiminia chai, ananisogezea sukari, anatazama mteremko. Hayo tu ndiyo mazungumzo tuliyowahi kuwa nayo. Michai ikiondoka, sijui nikae wapi nimkumbuke.

Mahrukh aliutazama mteremko. Kisha akamwambia dereva ang'oe nusu ya chini peke yake. Nusu ya juu ibaki. "Na utaichuma wewe, kaka. Kwa mikono yako. Siku nikikukuta mkahawani wakati wa mchumo, namwita dereva huyu huyu."

Nikaapa kwa kaburi la baba.

Vichaka vikatoka na mizizi yake, mirefu kuliko nilivyodhani. Nilitegemea Mahrukh angefurahi. Alilia. Nikaelewa kwamba kila kichaka kile alikijua kwa mkono, na mimi nilikuwa nimemwona kama adui wa chai. Tukapanda hadi safu ya juu na buli. Tukanywa. Safari hii nilimmiminia mimi, nikamsogezea sukari. Sikupanga lolote mpaka jua likazama.

Jumatatu, 22 Ordibehesht

Siku ya kwanza ya kazi yangu mpya. Nimejaza kikapu kimoja. Tuseme nusu.

Lakini nikiwa nimeinama pale, akili ikanifunguka. Kuchuma chai kunanyoosha kiuno! Kunapanua mapafu! Huko Tehran watu wanajifungia vyumbani wakikimbia juu ya mashine, hawaendi popote, na wanalipia. Kwa nini wasije kukimbilia hapa? Tayari nina ubao na rangi: CHUMA CHAI, UPONE MGONGO. Hormoz kapita, kausoma, kauliza mgongo wangu mimi umepona? Husuda.

Mahrukh yuko mjini. Nitamweleza rangi ikishakauka. Nina hakika atafurahi. Shamba litachumwa, wageni watapona, kiapo kitatimia kwa namna yake. Mimi nitakaa chini ya mteremko na samova, niwasimamie. Lazima awepo mtu wa kuonja.