Mikono ya Futi Saba na Inchi Tatu

Jumatatu, 6 Aprili

Nafasi imefunguka. Bwana Lathrop, msaka vipaji wa timu moja ya kulipwa ya mpira wa kikapu, alikunywa kahawa leo mkahawani kwetu akatangaza kwamba anatafuta mtu wa kumwangalizia wachezaji wa vyuo katika nusu hii ya Indiana. Mshahara kiduchu. Lakini kuna kitambulisho cha kuvaa shingoni na kiti nyuma ya kikapu. Anayetaka ampe jina moja tu, la kijana wa Chuo cha Tolliver anayeweza kufika ligi kuu. Jumamosi atakuja kumtazama.

Tumejitokeza wawili: mimi na shemeji Garland. Garland amefundisha timu ya shule miaka kumi na tisa, na anasema mchezaji hujulikana kwa jicho. Mimi ni fundi wa milango ya gereji, na nimefunga 4,212. Hata mmoja sikuufunga kwa jicho.

Ikumbukwe pia kwamba baba yake Garland, kocha wa enzi zetu, ndiye aliyenitema timu ya shule. Alisema nina mikono mifupi. Hakupima.

Jumanne, 7 Aprili

Nimepiga hesabu za wachezaji mia mbili wa ligi. Wanaodumu ni wale ambao mikono ikipanuliwa huzidi kimo. Tatizo, takwimu za vyuo ni uongo mtupu: vijana hupimwa wakiwa na viatu, kisha huongezewa inchi moja ya heshima. Lazima nipime mwenyewe.

Nimebandika tangazo chuoni. Vijana warefu wanatakiwa kwa picha za biashara ya milango. Malipo ni mkate wa nyama ya nguruwe ya kukaanga, ile inayochungulia nje ya mkate pande zote. Watasimama pekupeku, mikono wameipanua, mbele ya mlango wenye alama zangu za inchi. Hawatashtuka.

Mke wangu Noreen ameuliza kwa nini nisiende tu kuwatazama wakicheza. Nimemwambia kutazama kunapotosha.

Jumatano, 8 Aprili

Wamekuja tisa. Wanane ni wa kawaida, ziada ya inchi mbili tatu. Wa tisa anaitwa Anders Vroman. Kimo, futi sita na inchi sita. Mikono, futi saba na inchi tatu. Ziada ya inchi tisa! Nilipima mara nne, penseli ikanidondoka mara mbili.

Nimemhoji kijanja. Mazoezi huanza saa kumi na moja alfajiri, kila siku. Faulo hajawahi kuitiwa hata moja. Kuhusu kuruka, kocha wake anasema hakuna anayemfikia. Alikuja nywele zimelowa na miguu imenyolewa. Sikuuliza. Vijana wa leo wana mambo yao.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimepekua takwimu za timu msimu mzima. Vroman hayumo. Dakika sifuri.

Mtu mwepesi angekata tamaa. Mimi nimecheza dansi jikoni. Nani hapa hajui ujanja huo? Kocha akipata kijana wa thamani, humweka kando mwaka mzima, afanye mazoezi tu bila kucheza, ili mwaka huo usihesabiwe katika ile minne anayoruhusiwa kuchezea chuo. Wamemficha! Jina nimeshampa Lathrop.

Garland amempendekeza Dewey Hatch, mgawa mipira wa timu ambaye hata futi sita hafiki. Amenipigia simu, sauti ya asali: shemeji, huyo wako umewahi kumwona akicheza? Nikamjibu kwamba wanaotazamwa ni wachumba, wachezaji hupimwa.

Jumamosi, 11 Aprili

Tulikutana ukumbini Tolliver, timu ikiwa mazoezini, na Lathrop akauliza Vroman yuko wapi. Kocha akakuna kichwa, akasema labda jengo la pili, bwawani. Nikauliza bwawa la nini. La kuogelea, akasema. Si ndiye nahodha wa waogeleaji?

Garland ilibidi ashike ukuta kwa kicheko.

Niliwaburuta wote hadi bwawani. Vroman alitupungia akiwa majini. Nikamsihi Lathrop asijali maji, atazame mikono tu. Akatazama. Akasema ni kweli, Bwana Stuckey, ni mirefu sana. Kisha akarudi ukumbini, akamwona Hatch akifunga mitupo kumi na saba kati ya ishirini, akamwalika kwa majaribio.

Kitambulisho kiko shingoni mwa Garland. Amekuja nacho hadi kwenye chakula chetu cha jioni. Noreen kamwonya: kaka, utakichovya kwenye mchuzi.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimetafakari kwa uaminifu wapi nilikosea. Sikukosea popote. Vipimo vilikuwa sahihi hadi robo inchi, na Lathrop mwenyewe alikiri mbele ya mashahidi.

Jana nilimpelekea Vroman mpira. Aliudunda mara mbili, ukamponyoka, ukatumbukia bwawani. Akaufuata kwa kasi ambayo sijaiona kwa mchezaji yeyote wa Tolliver. Kudunda hufundishwa. Mikono haifundishwi.

Ligi ina timu thelathini. Moja imejikosesha bahati. Bahasha ishirini na tisa nimezifikisha posta asubuhi hii, kila moja na picha ya Vroman mbele ya mlango wangu.