Idara Iliyotokomeza Soga

Ifahamike kwa wote, walio karibu na walio mbali, kwamba Idara ya Matengenezo ya Majengo ya Umma ilikuwa idara ya kwanza nchini kutokomeza soga kazini. Mkurugenzi mpya alilitangaza hilo mwenyewe, kifua mbele. Kuanzia sasa, alisema, maarifa yatatolewa kwa utaratibu: kila Alhamisi, ukumbini, mbele ya mwenyekiti. Hadithi za kwenye birika la chai ni ufujaji wa muda wa umma.

Watu wakafunga midomo. Chai ikanywewa kimya kama dawa. Mkurugenzi alipita koridoni akisikia viatu vyake tu, roho yake kwatu, maana Waziri alikuwa anakuja Jumatano kuukagua ukimya huo, na wakubwa walishamdokeza kuwa kiti cha ukamishna ki wazi. Alikitaka kiti hicho kufa na kupona.

Jumatano ikafika. Waziri akiwa njiani, Mkurugenzi aliingia msalani kuweka tai sawa, akaubamiza mlango. Kuvuta, wapi! Akaupiga bega, bega likauma.

"Jamani! Kuna mtu huko?"

"Tupo, mzee," akajibu katibu muhtasi wake, mama mtu mzima. "Tupo wengi tu."

"Mlango umekwama!"

"Huo? Huo huwa haubamizwi, mzee. Hapa kila mtu anajua."

"Mbona sikuambiwa?"

Nje wakatazamana. "Ungeambiwa kesho, Alhamisi. Tumeuweka kwenye mengineyo."

"Mama, hebu niambie unafunguliwaje!"

"Hivi hivi tu, mzee? Bila mwenyekiti?"

"Mwenyekiti ni mimi! Kikao nimekifungua!"

"Afadhali kikao kimefunguka," akanong'ona dereva wa idara.

Basi mama yule, aliyekuwa amebanwa na maneno wiki nzima, angewezaje kufupisha? Alianzia kwa mhasibu wa zamani, aliyenasa humo humo siku ya harusi ya binti yake. Akamweleza na suti yake mpya, na jasho lake, na alivyolia. Mkurugenzi akahema, akatazama saa, akasikiliza. Hatimaye mhasibu akagundua kwamba ni mpaka uinue kitasa juu, usukume kwa goti, ndipo uvute.

Mkurugenzi akainua, akasukuma. Kakaka! Mlango ukaachia.

"Sasa kufika harusini," mama akaendelea, "anamkuta dereva wa teksi kavaa koti la kuazima, kamshika bibi harusi mkono, anaitwa baba!"

"Weee!" Mkurugenzi akaangua kicheko, mkono bado kwenye kitasa. "Toba! Na mkewe je? Alisemaje?"

Kimya.

"Mama, usinikatie utamu bwana! Mkewe alisemaje?"

Akashindwa kuvumilia, akauvuta mlango, akatoa kichwa nje. Wafanyakazi wote walikuwa wamejipanga ukutani, midomo imefungwa barabara. Mbele yao alisimama Waziri.

"Jengo zima nimesikia mtu mmoja tu anayepiga soga," Waziri akasema. "Ndiye huyu?"

Mkurugenzi aliuona ukamishna unaondoka mchana kweupe.

Waziri akavuta kiti, akaketi karibu na katibu muhtasi, akavua miwani.

"Mama, hebu anza mwanzo kabisa. Na wewe, bwana," akamwambia Mkurugenzi bila kumtazama, "tuletee chai. Ukirudi, usituulize tumefika wapi."